Kolache Baada ya Kura

Shambani, 11 Oktoba

Binti yangu Lorna,

Salamu nyingi. Mimi mzima, shangazi yako Blanche mzima isipokuwa goti, na ng'ombe ni wazima kutushinda sote. Natumai huko mjini Lincoln hujambo. Naandika kwa sababu kwenye simu nitapandisha sauti, nawe utakata, kama ulivyokata siku ile nilipong'oa bango la chama chenu ulilolisimika uwanjani kwangu. Mwaka mzima sasa.

Kombaini ya kuvunia imezimika katikati ya mahindi. Kifaa kimoja kilikufa, nikakibadilisha mwenyewe kwa dakika ishirini, lakini haiwaki! Mpaka fundi wa kampuni aje na kompyuta yake aipe ruhusa. Fundi yuko maili tisini, atakuja Alhamisi. Mvua ya mawe inatarajiwa Jumatano. Nafungua mashine tangu nikiwa na miaka tisa, leo nabembeleza kompyuta.

Wewe unamfanyia kazi seneta wa jimbo. Redioni wanasema chama chenu ndicho kinachotukwamisha wakulima. Ni kweli?

Baba yako,
Milo

Lincoln, 19 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu. Moyo wangu uko kwenye hayo mahindi. Je, fundi aliwahi?

Redio yako inaishi kwa matangazo ya wauza matrekta, isikilize kwa sikio moja. Muswada wa kumruhusu mkulima atengeneze mashine yake uliletwa Februari. Waliouleta ni wawili, mmoja wa chama changu na mmoja wa chako. Ulifia kwenye kamati, na uliouua, usinipigie kelele, ni Muungano wa Wakulima. Bwana Prewitt, anayelipwa na Muungano kuwashawishi maseneta, alikaa mbele ya kamati akasema, "Familia elfu thelathini za wakulima zinaupinga."

Nimeangalia orodha ya wanachama. Umo, Baba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanao,
Lorna

Shambani, 16 Novemba

Lorna,

Hujambo? Sisi tupo. Fundi hakuwahi. Ekari arobaini zililala chini, na nimelia, usimwambie Blanche.

Mimi nilijiunga na Muungano kwa ajili ya nafuu ya bima! Nikaenda kuuliza misimamo yao hutoka wapi. Kumbe hutoka kwetu, kwenye mkutano wa mwaka wa kaunti, hapa katika ukumbi wa kanisa. Miaka thelathini nahudhuria. Nakula kolache za Blanche, yale maandazi yake ya matunda, narudi kulisha ng'ombe. Sote hufanya hivyo. Kura hupigwa baada ya chakula, watu sita wakiwa wamebaki, na mmoja wao ni Dwight muuza matrekta. Tumejifunga wenyewe huku tukitafuna.

Nikamwambia Blanche, "Mwaka huu kolache zisitoke jikoni kabla ya kura."

"Watanila mimi!"

"Watapiga kura upesi."

Akafunga mlango wa jikoni, ufunguo akautia mfukoni mwa aproni. Watu hamsini na watatu, harufu ya kolache imejaa ukumbi, hakuna aliyeondoka. Nikasoma azimio langu, kwamba mkulima aruhusiwe kutengeneza mashine yake. Dwight akasimama: "Jamani, tule kwanza. Haya ni mambo ya kitaalamu."

Mzee Hruska akamjibu, "Kaa chini, Dwight. Nina njaa, na kombaini yangu imekaa siku nne ikikungojea wewe mtaalamu."

Azimio likapita, arobaini na mmoja kwa kumi na wawili. Gazeti letu la wiki limeliweka ukurasa wa kwanza, chini ya picha ya boga kubwa.

Baba

Lincoln, 12 Desemba

Baba mpendwa,

Hamjambo nyote? Lile gazeti la boga limesomwa hadi huku, na magazeti ya mjini yamenakili. Kaunti kumi na moja zimepitisha maneno yako, na jana mkutano mkuu wa Muungano uliyakubali. Leo Prewitt amekuja ofisini kwetu kuunga mkono muswada uleule, akitabasamu kama aliyevaa viatu vya mwenzake.

Kamati itasikiliza wananchi tarehe 10 Februari. Kila mtu ana dakika tatu, taa nyekundu ikiwaka unanyamaza. Bila mkulima aliyepoteza mazao, nahofia muswada utakufa tena. Njoo useme.

Lorna

Lincoln, 15 Januari

Baba, mzima? Mwezi umepita hujajibu. Kama ni lile bango, nisamehe. Njoo tu.

L.

Shambani, 14 Februari

Lorna wangu,

Salamu. Nimefika salama, goti la Blanche ndilo linalolalamikia safari.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa naandika dakika tatu. Zilianza kurasa saba, Blanche akinipima kwa saa ya kuchemshia mayai. Na bado taa nyekundu iliniwakia nikiwa kwenye ekari arobaini! Nikanyamaza. Mwenyekiti naye akaniuliza, "Na kombaini iko wapi sasa, Bwana Kudrna?" Nikamaliza kwa kumjibu.

Kamati imeupitisha muswada, sita kwa wawili. Dwight anasema utakwama mbele, na huenda ukakwama. Nitarudi, hotuba ninayo.

Pale koridoni ulinishika mkono mbele ya watu, nami nikazungumzia hali ya barabara tu. Basi nasema sasa: najivunia wewe, na nilikosa.

Bango lako lilikuwa ghalani. Uchaguzi uko mbali na ardhi imeganda, ilibidi nitumie sururu, lakini limesimama uwanjani, karibu na langu. Majirani wakifika hapa wanapunguza mwendo.

Baba yako