Maonyo Matatu Ambayo Sikuyatoa

Jumapili, katikati ya likizo ya Agosti. Homa Bay. Joto limeanza mapema, upepo hakuna, nami siwezi kukaa mahali pamoja.

Niliandike hili kabla sijabadili nia: nilidanganya kwenye kumbukumbu za mnara. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Kwa asiyejua, mimi ni msichana wa kidato cha tatu, na Jumapili alasiri huongoza ndege ambazo hazipo. Kikundi chetu hurusha ndege za kuigiza kwenye kompyuta, kila mtu akiwa kwake, sote tukiwa katika anga moja mtandaoni. Jumamosi haturuki kwa sababu nusu yetu ni Wasabato, mimi nikiwa mmoja wao. Jumapili tunaondoka Kabunde, uwanja mdogo wa hapa Homa Bay, tunagusa Migori, tunatua Kisumu. Mimi hukaa kwenye mnara wa Kisumu na kuandika: wewe subiri, wewe shuka, wewe karibu.

Naandika tu. Sijawahi kufungua maiki. Kwa kuwa Kiswahili changu cha kuandika kimenyooka, wenzangu waliamua kwamba mimi ni mwalimu mstaafu. Wananiita Mzee Mnara. Sikuwasahihisha.

Halafu kuna Kunguru.

Hilo ni jina lake la mtandaoni. Hurusha ndege akiwa kwao Sori. Hutua bila ruhusa, huwapitia wenzake karibu kuwagonga, na hupiga muziki wa ohangla kwenye masafa ambayo wengine wanahitaji ili wasikilizane. Wiki mbili zilizopita aliegesha ndege yake katikati ya njia ya kutua, watu saba wakiwa bado angani.

"Napunga upepo kidogo, omera," alisema, kama anayeongea na ndugu yake. "Mna haraka ya wapi?"

Mmoja wa wale saba alikuwa muuguzi wa Rongo, na ile ilikuwa safari yake ndefu ya kwanza. Alizunguka juu ya ziwa mpaka mafuta yakamwishia. Hajarudi tena.

Sheria yetu inasema hivi: kabla ya kumtoa mtu angani, mwongoza ndege amwonye mara tatu kwa sauti, amtaje jina, kisha ampe nafasi ya kujibu. Maandishi hayahesabiki, kwa sababu rubani aliyejaza kioo chote kwa picha ya ndege yake hayaoni.

Nina mazoea ya kuandika kumbukumbu kwanza, kisha kutenda. Siku ile niliandika onyo la kwanza, na saa. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha maiki. Nikakitoa. Nikaandika onyo la pili. Nikakitoa tena. Nikaandika la tatu. Kisha nikamtoa Kunguru, mafuta ya muuguzi yakiwa yameshaisha, na ile mistari mitatu nikaiacha pale pale.

Hakusikia hata neno moja.

Muhula uliopita nilisoma tangazo gwarideni, sauti ikakatika katikati ya sentensi, na shule nzima ikanyamaza kunisubiri. Tangu hapo maiki ya aina yoyote naikwepa. Najua hiyo si sababu ya kutosha. Naiandika tu kwa sababu ni kweli.

Asubuhi ya leo nimekuta Kunguru ameandikia kikundi kizima: "Mlinitupa kama maji ya kuoshea omena. Huyo mzee hakuniambia kitu. Kwani ni nani hapa amewahi kumsikia?"

Kapteni Odhis, kiongozi wetu, fundi wa redio huko Migori, alimjibu hapo hapo. "Heshimu wakubwa wako, ndugu. Mzee Mnara hawezi kudanganya. Saa kumi leo tunakufungia kabisa."

Tukimfungia sisi, vikundi vingine viwili tunavyoshirikiana navyo vitamfungia pia. Hatakuwa na mahali pa kuruka.

Nilifurahi. Nakiri. Nilifurahi kwa muda wa kuosha vikombe viwili, halafu nikaanza kuzunguka nyumba. Nimefagia uani mara mbili. Nimefungua kitabu cha kemia na kusoma ukurasa mmoja mara nne.

Alistahili kutolewa, si ndiyo? Nani angemlilia?

Lakini kuna kitu kingine, na hicho ndicho kinachoniwasha. Ningemwonya, labda angeondoka njiani. Huwezi kujua. Labda yule muuguzi angetua.

Naendelea jioni. Saa nane mama alisimama mlangoni akanitazama. "Nyathina, mwanangu, hiyo kompyuta ni ya kusoma ama ni ya kuitumbulia macho? Njoo ule." Nilikwenda. Nilikula vijiko vitatu.

Saa tisa nilimwandikia Kapteni kila kitu. Umri wangu pia.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Pole, na asante. Ila hilo si la kuandika. Saa kumi njoo uliseme."

Kwa hiyo saa kumi nilibonyeza kitufe na sikukiachia. Nilisema mimi ni Mnara, nina miaka kumi na sita, yale maonyo niliyaandika bila kuyatoa. Nilifika mwisho wa sentensi.

Kunguru akalipuka kwa kicheko. "Ngoja! Huyu ndiye mzee? Kasauti kama ka mtoto wa nasari! Kapteni, ulisema niheshimu wakubwa, sasa nimheshimu nani?" Wengine wakacheka. Kapteni alijaribu kuzungumza, Kunguru akamfunika, akaendelea.

Nikabonyeza tena. "Kunguru, huu ni mnara wa Kisumu. Onyo la kwanza. Acha masafa, Kapteni azungumze."

Nikangoja.

"Haya," alisema mwishowe. "Nimesikia, nyamera." Ameniita dada.

Kapteni aliamua Kunguru arudi, akiwa na onyo hilo moja. Mimi nimeondolewa mnarani mpaka likizo iishe. Nilifuta ile mistari mitatu, nikaandika mmoja wa leo, nikamkabidhi Kapteni mnara. Kisha nikachukua ndege ndogo pale Kabunde na kujipanga kwenye foleni, wa mwisho, nyuma ya Kunguru.