Kile Kimya Katikati ya Wimbo Wako

Mpendwa wifi Elina,

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ungeniuliza hizo kabla ya kunikaribisha kukaa. Kinyangiri tumevuna. Mtama si haba, alizeti imekubali kuliko mwaka jana, na kaka yangu, yaani mume wako, bado anavaa lile sweta la kijani ulilomkataza kwenda nalo kanisani. Nikimsema ananijibu kwamba mwenye haki ya kumkataza ulikuwa wewe peke yako. Basi siku hizi namwacha, anakaa nalo benchi la mbele na viwiko vimetoboka.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya ule wimbo wako wa kupuria mtama. Wifi, wimbo umefika mbali. Naomi wangu aliusikia kwanza huko Manyoni, dukani kwa watu, akaninunulia bando na kunitumia kwenye simu. Akaandika, "Mama, si wimbo wa mama Yona huu?" Nikaubonyeza nikiwa nachambua mchicha. Nilisikia fimbo zikipiga, nikasikia sauti ya kike inaanza pale ulipokuwa unaanzia wewe, na mchicha wote ukamwagika chini.

Nikuambie ukweli, maana wewe hukuwahi kunificha kitu. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa furaha, kilikuwa wivu. Mwimbaji alikuwa Rahma. Nilikaa pale na simu mkononi nikijiuliza kwa nini miaka yote hiyo nilikuitikia mimi, halafu wimbo ukaenda kukaa kwa mtoto wa mwenye duka la vitambaa Singida mjini.

Unamkumbuka Rahma alivyokuja. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, ameletwa shule yetu kwa mazoezi ya kufundisha, akapanga chumba chako cha uani. Baba yake mtu wa pwani, mama yake mtu wa huku bara, binti mwenyewe hajawahi kushika jembe. Ulimnunulia sufuria yake mpya ili ajue haijapikiwa asichokula, na kila ulipotaka kula kuku ulimtafuta mzee Shabani kijiji kizima aje achinje. Nilikutania kwamba mpangaji anakula vizuri kuliko wifi. Ukasema wifi naye alipe kodi.

Ilikuwa msimu wa kupura. Jioni anatoka shuleni anakaa pembeni ya uwanja na madaftari yake, anasahihisha huku kichwa kinafuata fimbo. Siku ya tatu ukamwita. Ukampa fimbo yako, ukachukua nyingine. Kesho yake alikwenda darasani na viganja vimefungwa kitambaa, watoto wakamcheka, na jioni akarudi tena uwanjani. Nilikuwepo uliposimama mbele yake na kumwambia, "Ukiuchukua, uuchukue na kazi yake." Nilidhani unamzungumzia mtama.

Baadaye tukamsikia redioni. Alikuwa ameacha ualimu, anaimba bongo fleva, kila wimbo kaachwa na mwanaume. Wewe ulicheka ukasema huyu binti mbona anaachwa sana, hajui kupika au nini. Lakini ulikuwa unaongeza sauti ya redio. Miaka minne tangu tukuzike, na mwaka huu akayaacha mambo ya kuachwa, akaingia studio na fimbo, na akatoa huo wako.

Ndipo kelele zilipoanza. Mitandaoni, Naomi ananisomea, watu wamegawanyika. Wengine wanasema amechoka kuuza mapenzi sasa anauza wazee wetu. Wengine wanasema mtoto wa dukani hana haki ya ngoma ya Wanyiramba, hajui hata maana ya anachoimba. Wengine wanasema muziki ni wa wote, waacheni wacheze. Na hapa nyumbani aliyekasirika kuliko wote alikuwa mwanao Yona. Kwenye maelezo ya wimbo ule waliandika "wimbo wa asili", basi, hakuna jina la mtu. Yona alisoma hayo maneno matatu mpaka akashindwa kula.

Sikumlaumu. Ila nilimtania kidogo, unavyonijua. Nilimwambia, wewe ndiye uliyenunua mashine ya kupukuchulia, inanguruma shambani mpaka kuku wanakimbia, tangu lini umesikia mtu anaimba mbele ya mashine? Hakucheka. Alisema, "Shangazi, mashine ni kazi. Wimbo ni mama."

Rahma alikuwa ameshatangazwa kwamba atakuja kuimba Nduguti, uwanjani. Yona na vijana wenzake wakapeleka malalamiko wilayani kwamba asiuimbe wimbo ule, au asije kabisa. Afisa utamaduni akasema hawezi kumzuia msanii kwa hasira za vijana, anataka kusikia wazee: wimbo ni wa nani, na huyu binti aliupata vipi. Akaja mwenyewe ofisi ya kata. Na katika wale tuliosimama na wewe uwanjani siku ile, aliyebaki hai na mwenye masikio ni mimi.

Jioni ya kabla yake Yona alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono yake mikubwa kama ya baba yake. "Shangazi, sema tu ni wa kwetu na hakupewa na mtu. Neno lako linatosha." Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Hakuna aliyewahi kuniita mimi mwenye wimbo. Maisha yangu yote uwanjani nimekuwa yule wa kuitikia, na kesho yake afisa mzima angeandika jina langu kwenye karatasi. Na nilikuwa na hasira na Rahma kweli, kwa ajili ya lile jina lako lililokosekana.

Lakini usiku nilikumbuka ulivyokuja kwetu bibi harusi. Umetoka Ilongero, mtoto wa Wanyaturu, umefungwa kitenge kipya, na msimu ule wa kwanza wa kupura ukaanza kutuimbia kwa lugha ya kwenu. Sisi tukaguna. Nani alisema kwa sauti, mbona huyu anatuletea vitu vya kwao kwenye uwanja wetu? Nilikuwa mimi, wifi. Ulikaa na wimbo wako wiki nzima, unaniuliza neno hili kwa Kinyiramba mnasemaje, na lile mnasemaje, nami najibu bila kujua unashona nini. Jumatatu ukaja nao umevaa maneno yetu. Unauambia mtama ugeuke, upande huu umelala vya kutosha. Tukaitikia mpaka jua likazama, na tangu hapo tukauita wa kwetu.

Na hukuishia hapo. Sikukuu ya mavuno uliingiza fimbo kwenye kwaya, nusu ya wazee wa kanisa wakasimama. Wakasema mambo ya uwanja wa kupuria yabaki huko. Ukawaambia kwa upole, na kitabu cha nyimbo umekikumbatia, "Mungu ndiye aliyeotesha mtama. Kwani hajui unavyopurwa?" Mwaka uliofuata wazee walewale waliuliza fimbo ziko wapi. Nilikuwa nyuma yako siku zote mbili, nimevimba kwa majivuno kana kwamba nimesema mimi.

Basi kule ofisi ya kata chumba kilijaa. Afisa alinisalimu shikamoo, akaweka simu yake juu ya meza, akaufungulia wimbo wote tuusikie. Fimbo zikapiga, Rahma akaimba, watu wakaanza kutikisa miguu chini ya viti hata wale waliokuja kukataa. Ukafika katikati, ukanyamaza kabisa. Afisa akainua simu, akaigonga gonga. "Samahani wazee, imekata."

Mama Tabitha, aliyekuwa akipura nasi misimu mingine, na mimi tulitazamana tukaanza kucheka. Kwa sababu haikukata, wifi. Ni pale pako. Ni pale upande wa juu wa masuke umeshapurwa, unasimama, fimbo zote zinasimama, unaniita, "Wifi, geuza." Mimi na wenzangu tunaingia na miti ya panda tunageuza masuke, nikimaliza nakuitikia, "Nimegeuza," na wewe unaanza upya. Nimekaa kwenye kiti cha serikali, mikono yangu ikaenda mbele yenyewe kugeuza. Nikahesabu pumzi zangu. Wimbo ulirudi pale pale ambapo ningekuwa nimemaliza.

Nikasimama. Niliwaambia, kimya hiki hakina kazi kwenye muziki wa kucheza, kinawaharibia wachezaji tu. Mtu aliyeuokota wimbo huu njiani asingekiweka. Amekiweka mtu aliyesimama na fimbo mkononi akisubiri mtama ugeuzwe. Nikawaambia habari ya viganja vilivyofungwa kitambaa, na maneno yako. Nikawaambia pia ya Ilongero, na nani aliyeguna. Nikasema hakuiba, alipewa, na aliyempa alikuwa mwenyewe.

Yona aliinuka. "Sawa, shangazi. Na jina la mama liko wapi?" Nikamwambia afisa aandike na hilo, kwa sababu mtoto anasema kweli, na mimi nasimama naye.

Siku mbili kabla ya onyesho, gari dogo lilisimama kwako limejaa vumbi. Alishuka Rahma peke yake, na mtandio wake, bila wale wapambe wa kwenye picha. Akapiga goti kwa kaka, akaniamkia, akamwamkia hata mama Tabitha aliyekuwa anapita njia. Yona alibaki mlangoni, hakutoka. Nilimuuliza bila kuzunguka. Akasema jina lako alilitaja, watu wa studio wakamwambia "wimbo wa asili" inapendeza zaidi, naye akayaona maneno yale na hakusema kitu. "Niliogopa wataukataa wimbo. Nilinyamaza, shangazi. Kosa ni langu." Alisema ameshawataka waandike upya, jina lako litangulie lake, na kitakachoingia kwa wimbo huo kigawanywe na nyumba hii. Yona aliondoka mlangoni, akarudi na kikombe cha maji akampa. Ndiyo yote aliyofanya siku ile, na kwa Yona hayo si kidogo.

Nikamuuliza na la pili. Kwa nini pale katikati hakuimba kitu? Rahma akasema prodyuza alitaka kujaza, hata kwa kinanda. Alikataa mpaka wakagombana. "Ule wimbo mama alinipa wote. Ila pale hakunipa. Pale ni pake na pako." Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Ule wivu wangu wote, wifi, uliniishia pale kwenye mafiga, nikaona haya.

Sasa sikia ya Nduguti. Watu walijaa uwanja mpaka kwenye kuta za ofisi mpya za wilaya. Sisi wa Kinyangiri tuliwekwa mbele kwenye viti, kaka na sweta lake. Rahma aliimba za kuachwa kwanza, vijana wakalia na kupiga miluzi. Halafu wakaingia wapiga fimbo, na mmoja wao alikuwa Yona. Ameshika fimbo yako, ile iliyokuwa imechomekwa darini tangu tukuzike. Sikujua. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Rahma akaanza, na kwa mara ya kwanza maishani niliusikia wimbo wako nikiwa nimekaa. Ulivyo mzuri sikujua. Nilikuwa daima nimeinama kwenye kazi. Watoto wa shule waliujua wote, wanaitikia maneno yale niliyokuwa nakufundisha bila kujua unashona nini. Niliringa, wifi. Niliringa mpaka nikamgeukia mwanamke wa kando, nisiyemjua, nikamwambia huyo aliyeutunga ni wifi yangu.

Ukafika katikati. Fimbo zikasimama, spika zikanyamaza. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele umeme umekata, na fundi wa jenereta akatoka mbio kwenda kuitazama. Rahma alikuwa ameshashuka, amesimama mbele yangu, ananinyooshea maiki.

Nilisubiri. Unajua nilichokuwa nasubiri. Miaka yote ile sikuwahi kuongea pale kabla hujaniita, na Yona amesimama na fimbo yako juu, ananitazama, naye anasubiri. Ndipo nikaelewa kwamba safari hii wito wako ulitoka zamani, na mimi ndiye niliyechelewa kujibu.

Nikashika maiki kwa mikono miwili. Nikasema kwa sauti yangu ya shambani, watu wakaisikia mpaka barabarani:

"Elina wa Ilongero, mama Yona, nimegeuza."

Na fimbo ya kwanza kushuka ilikuwa yako.

Lala salama, mwenye wimbo. Sweta nitalificha mimi.

Wifi yako, mwitikiaji wako,
Mama Naomi
Kinyangiri