Mgeni wa Kwenye Kona

Adina, uko peke yako? Tangu Jumatatu Baba alipofariki sijashtuka kama leo.

Unamkumbuka yule mgeni niliyekusimulia? Kila akija matangani anakaa kwenye kona, karibu na kioo tulichokifunika shuka. Haongei. Kaka yangu Selwyn alininong'oneza: "Usimsemeshe. Huyo amefuata mayai na mkate wa matanga tu." Nikamwamini!

Leo Selwyn alitoka kupokea simu, nikamuuliza yule mzee, "Wewe nani, baba?"

Akashusha pumzi. "Ndlela, mwanangu. Mpangaji wa nyumba yenu ya mtaa wa Yeoville. Marehemu alinifundisha kwamba kwenu Wayahudi mfiwa asipoanza kusema, mgeni hunyamaza. Nilikuwa nakungoja uanze."

Alikuwa ananingoja, Adina! Siku zote hizo!

Anasema Selwyn amewaamuru wapangaji wote wahame Jumatano, na watoto wao, eti ni agizo la Baba. Baba yupi? Huyu aliyekuwa akisema mtu aliyewahi kufukuzwa hamfukuzi mwenzake?

Selwyn akarudi. "Mnaongea nini?"

"Unamjua huyu?"

"Simjui."

Mzee akacheka. "Hunijui, bwana mdogo? Jumapili iliyopita si ulinigongea mlango ukaniambia baba yako ameagiza?"

Jumapili iliyopita, Adina, siku moja kabla hajafa. Baba alikuwa hospitali, hawezi kutamka hata jina langu.

Selwyn akaenda kupanga viti.

Kesho asubuhi tunamaliza matanga. Ile desturi ya wafiwa kutoka na kuzunguka mtaa, Selwyn ataifanya mtaa huu wetu. Mimi nitazunguka Yeoville na mzee Ndlela, nikawaambie wapangaji wasihame.