Aliyefungiwa Ni Mimi

Shosho, nyanya yangu,

Walikuzika nikiwa hapa ndani ya makao ya watoto. Matron alisema siwezi kuja nyumbani Rongai, kwa sababu Anti Wambui alikuwa nje kwa dhamana na mahakama iliamuru tusikutane. Ni binti yako, angekosaje mazishini? Basi yeye akakumwagia udongo, mimi nikabaki kitandani nikiangalia ukuta. Sheria inanilinda, Shosho. Lakini aliyefungiwa ni mimi.

Nakumbuka asubuhi ile nilipotoroka Kamere, kule Naivasha, nikakupata ukipukuchua mahindi. Ulinipa chai kwanza. Ukasikiliza vile Anti aliniahidi shule huko Naivasha, kisha akaniuza kwa wanaume. Hukulia. Ulijifunga leso ukasema, "Nimemzaa mimi, nitampeleka mimi." Na pale kituoni, askari aliponiuliza nilikuwa natafuta nini huko, ukagonga kaunta: "Huyu ni mtoto!"

Ulipofariki, mwanao Anko Kamau alikuja getini hapa. Akasema ni kesi iliyokuua. Akataka niseme nilidanganya, tuyamalize nyumbani. Shosho, nilichoka. Nilitaka tu kula ugali na watu wangu. Nikamwambia hakimu naondoa kesi.

Akanijibu polepole kwamba kesi si yangu, wala si ya Anko. Ni ya serikali, na mtoto haruhusiwi kuibeba peke yake. Nililia kwa hasira. Hata kukataa nimekatazwa!

Siku ya ushahidi waliniweka nyuma ya pazia, mama wa ustawi wa watoto akinishika mkono. Hakuna aliyetaja jina langu. Anti hakuniona. Lakini nilimsikia akikohoa, kile kikohozi chake cha jikoni kwetu. Nikanywa maji. Nikasema yote.

Amefungwa, Shosho. Nilidhani siku hiyo nitaenda nyumbani. Anko akatuma neno nisikanyage boma. Kwa hivyo bado niko hapa, nasubiri kuwa mtu mzima.

Kinachoninyima usingizi ni Ciku, mtoto wa Anti. Ameanza shule juzi tu, na mama yake hayuko.

Kwaheri, Shosho. Nikitoka nitamtafuta. Akiniuliza nani alimpeleka mama yake jela, sitamwambia ni mahakama. Nitamwambia ni wewe na mimi. Halafu nitakaa hapo hapo, aniulize mengine.

Mjukuu wako,
Njeri