Goti la Neptuni

Kassel, 3 Juni 1999

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa sabuni. Bibi Hedwig ninayemtunza sasa anaogeshwa mara mbili kwa siku, na kila mara ananiuliza mimi ni nani.

Likizo yangu imesogezwa hadi Septemba. Kwa hiyo binti yangu Jagoda hawezi kuja kwangu, wala hawezi kushinda kiangazi kizima dirishani akihesabu njiwa. Mtafutie kambi, baba. Umefanya kazi makambini miaka mingi, unajua pa kuchungulia. Angalia vyoo. Angalia jikoni. Sharti langu ni moja tu: kusiwe na ubatizo wa kambi, ule mchezo wenu wa kuwapokea wapya. Hapo usinibishie. Mtoto ana miaka tisa. Anakwenda kuogelea, haendi kulishwa uchafu na watu wazima waliojipaka masizi.

Mbusu kwa niaba yangu.

Binti yako,
Iwona

Radom, 14 Juni 1999

Mwanangu Iwona,

Milele amina. Mgongo unalalamika lakini bado unanibeba. Mwanao mzima, karefuka, anakula kama mwashi.

Nimezunguka hadi soli zimeisha. Kwanza nilikwenda kwa masista, kule msituni. Pasafi, sikatai, lakini supu yao ya kabichi! Nimekula supu jeshini, nimekula supu hospitalini, sijawahi kukutana na supu inayonuka soksi. Sista akanisimamia hadi nikamaliza bakuli. Halafu nikaenda kwenye kambi ya farasi na Kiingereza. Mwenye kambi ana mkufu wa dhahabu mnene kama kamba ya ng'ombe. Nikamwambia, "Nionyeshe choo." Akanionyesha farasi. Nikamwambia, "Farasi nimemwona, bwana. Choo." Nilipokiona nikatoka nimeziba pua kwa kofia. Nzi wa mle ndani wamenenepa kuliko watoto.

Imebaki ile yetu, ya kiwanda cha viatu, kule baharini. Kiwanda chenyewe kimekufa, ila kambi ina mkurugenzi mpya, Radosław, aliyekuwa mtoto wa kambi hiyo hiyo. Vyoo vipya, vigae vyeupe. Niliketi kabisa nikajaribu. Ubatizo upo, sikufichi. Lakini Iwona, mtoto asiyebatizwa kambini anabaki mgeni hadi siku ya kuondoka, wenzake hawampi hata mpira. Mimi nimekuwa Neptuni, mfalme wa bahari, miaka kumi na moja, na sijazika mtoto hata mmoja. Ni mchezo tu. Nimeshamwandikisha, anaondoka tarehe tatu Julai.

Baba yako

Kassel, 21 Juni 1999

Baba,

Salamu. Leo mgongo wako siuulizi.

Vigae vyeupe! Nilikuomba kitu kimoja.

Ngoja nikukumbushe kiangazi cha mwaka 1972. Wewe uko kwenye kiti cha enzi, taji la bati, ndevu za katani, goti limepakwa haradali, mafuta ya samaki wa chumvi na dawa ya meno. Sisi wapya tunatambazwa kwenye tope, tunanyweshwa maziwa yaliyotiwa siki, kisha tunabusu lile goti na kusema, "Asante, Mfalme." Mimi nilikataa. Nikakuita, "Baba, ni mimi." Ukacheka. Mashetani wako wanne, wale wasaidizi waliojipaka masizi, wakanishika, mmoja akanisukuma kisogo. Ukacheka kuliko wote, wasije wakasema unampendelea mwanao. Haradali iliniingia puani. Hawa Wajerumani wanaipaka kwenye kila soseji, na kila nikiisikia harufu yake naondoka mezani.

Hujawahi kujiuliza kwa nini tangu mwaka ule nakupa shavu tu, sikubusu? Hapa namfuta kinyesi mwanamke nisiye na undugu naye, na sioni kinyaa. Kinyaa changu ni kile kicheko chako.

Mtoe Jagoda humo. Mpeleke kwa masista. Supu haijawahi kumfundisha mtu ubaya.

Iwona

Radom, 19 Julai 1999

Mwanangu, ingawa safari hii hukuandika kwamba u binti yangu,

Nakusalimu. Afya yangu usiiulize.

Barua yako ilifika tarehe 28 Juni, mapema kabisa, nisiisingizie posta. Niliisoma nimesimama, nikakasirika, nikaitia kwenye sanduku la mkate. Nikajisemea: mwanamke mzima, bado ana kinyongo cha haradali! Nikampeleka mtoto.

Jana Jumapili ilikuwa siku ya wazazi, na ndiyo siku ya ubatizo. Radosław aliponiona langoni akapiga kelele, "Jamani, Neptuni wetu wa zamani!" Wakanivua kofia, wakanivika taji. Ningeweza kukataa. Sikukataa, nilifurahi kama bwana harusi. Suruali niliikunja mwenyewe.

Wakanipaka goti. Watoto wakaja mmoja mmoja kutoka kwenye tope. Jagoda alikuwa wa sita. Nilitegemea ataangua kicheko aseme, "Babu, unanuka," nami nilikuwa tayari kumkonyeza. Hakunitazama hata usoni. Alipiga magoti, akabana pumzi, akabusu kabisa kabisa, siyo juu juu kama wenzake. Akafuta mdomo. "Asante, Mfalme." Hakuna aliyemshika, Iwona. Hakukuwa na haja.

Nikatapika. Hapo hapo kwenye kiti cha enzi, kwenye ndevu za katani, mbele ya wazazi wote. Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, na mama mmoja akaniomba nirudie apige picha.

Baadaye nikamwambia Jagoda, "Fungasha, twende nyumbani." Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Babu, siondoki! Mimi nimeshapita. Mwakani nitakuwa shetani, na mimi nitawashika wapya. Wanaolia ndio watamu." Alisema hivyo huku akilamba aiskrimu.

Nimemrudisha kwa nguvu. Yuko chumbani, amejifungia. Najionea kinyaa hata kunyoa siwezi, maana kuna kioo. Nisamehe. Na huyu mtoto sijui nimwambie nini.

Baba yako

Kassel, 26 Julai 1999

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini tumbo limetulia.

Sijakusamehe, na jambo hilo halitamalizwa kwa barua. Kazi nimeacha, Bibi Hedwig hakuuliza naenda wapi. Nitafika Radom Alhamisi, tarehe tano Agosti, saa nne asubuhi.

Unauliza umwambie nini. Jagoda anadhani duniani kuna wanaoshika na wanaoshikwa, basi. Hajui kwamba aliwahi kutokea mtoto aliyekataa. Mwambie wewe. Mketishe mezani umweleze habari za msichana wa mwaka 1972: alisema nini, walimfanya nini, nani alicheka. Kicheko usikipunguze. Mwisho umtajie jina la yule msichana.

Usije stesheni. Nitatembea mwenyewe hadi nyumbani, na kabla sijaweka begi chini nitamwuliza Jagoda jina hilo. Akilijua, nitaingia. Asipolijua, treni ya kurudi inaondoka saa kumi jioni, na tiketi mbili nimeshakata.

Binti yako,
Iwona