Asidi ya Maziwa

Monicah, uko? Usipige simu, bado niko kliniki. Leo nimejiaibisha aki.

Unamjua mzee Kipkurui, yule wa majani chai hapa Sosiot? Amekuja na mke wake, anasema ile dawa yake ya sukari inamchosha miguu. Nikampima lactate, ile asidi ya damu ambayo hiyo dawa inaweza kupandisha, na ile mashine mpya. Ikasoma juu sana! Sasa mimi na Kiswahili changu cha kitabu: "Mzee, asidi ya maziwa imepanda kwa damu yako."

Asidi ya maziwa. Kwa Mkipsigis, watu wa mursik, maziwa lala ya kibuyu. Mbele ya bibi yake!

Mzee akashika kichwa. "Daktari, ni kibuyu moja tu! Na hiyo mursik ya Janeffer hata sikumaliza!"

Janeffer ni bibi ya ndugu yake.

Mke wa mzee akageuka polepole. "Mursik yangu ulisema daktari amekukataza." Kisha akaniangalia mimi. "Ni wewe ulikataza yangu?"

YANGU. Woi, Monicah, mimi sijawahi kukataza mtu mursik maishani!

Na unajua ni nini ilipandisha hiyo lactate? Ni mimi. Nilimfunga mpira kwa mkono, nikamwambia akunje ngumi, halafu nikamsahau hivyo nikikujibu wewe hapa WhatsApp.

Nimerudia bila mpira. Damu iko sawa kabisa. Nikamwambia, "Mzee, uko mzima, unaweza kwenda nyumbani."

Ameniomba kitanda. Hata siku mbili tu, anasema.