Maziwa Matupu

Mdogo wangu wa damu,

Salamu zangu zikufikie popote ulipokaa, na zikishakufikia zimfuate mama jikoni. Vipi mgongo wake, umemwachia au bado unamsumbua akiinama? Mwambie aache kubeba ndoo. Hasikii, lakini mwambie. Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, na tangu urudishwe nyumbani hii ndiyo wiki yangu ya kwanza kulala usingizi wa kweli. Kaa chini uisome barua hii. Kama una chungu motoni, epua kwanza.

Najua hutaki kusikia habari za nyumba ile, ila utanivumilia. Unamkumbuka yule msichana wa utafiti wa unyonyeshaji aliyekukuta kibarazani, akakuuliza kama mtoto ananyonya maziwa matupu? Nawe na moyo wako mweupe ukamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, matupu. Alitaka kujua kama humchanganyii kitu, basi. Mama mkwe wako alikuwa pale pale anachambua mchele, na alielewa vizuri sana, asijitie ujinga. Lakini kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba umekiri kwa kinywa chako mwenyewe: maziwa yako matupu, hayana kitu ndani, ndiyo maana mtoto haongezeki. Ukabandikwa jina, Mama Matupu. Na shemeji yangu, mwanamume mzima na ndevu zake, akamwachia mama yake akutoe mtoto kifuani, wewe ukarudishwa kwetu eti ukapumzike. Ukapumzike! Mimi ndiye niliyekusindikiza stendi. Blauzi yako ilikuwa imelowa maziwa, yale yale waliyosema hayana kitu, na ulikuwa unayafunika kwa mkoba ili abiria wasione.

Basi lilipoondoka niliapa kwamba yule mama atalipa. Sikukuambia, kwa sababu wewe ungenikataza.

Utafiti ulipotafuta wasaili wa awamu ya pili, nikaomba kazi, nikapata. Kwenye mafunzo tukaambiwa neno “matupu” limefutwa kwenye maswali kwa sababu limeleta mkanganyiko, sasa tuseme “maziwa ya mama peke yake”. Mkanganyiko! Nilicheka mpaka mwalimu akaniuliza kuna nini. Tukaapishwa pia kwamba hakuna kuhoji nyumba ya ndugu wala mkwe. Nikaapa kama wenzangu. Kisha nikambembeleza mwenzangu mmoja tubadilishane mitaa, nikamdanganya kwamba magoti yangu hayawezi kile kilima cha mtaa niliopangiwa.

Mama mkwe wako alinipokea kwa bashasha, na bashasha yenyewe ya kunikomoa. Akaniwekea kiti, akaniletea mtoto nimwone anavyolelewa na watu wanaojua. Mdogo wangu, Bwana Mdogo kachukua macho yako yote mawili, hakumwachia baba yake hata kope. Nikauliza swali langu kama lilivyoandikwa: mtoto alipokuwa na mama yake, kuna kitu kingine chochote alichopewa? Akasema hakuna, hakupewa kitu. Nikamuuliza, na maji je? Akanitazama kama nimepungukiwa. Akaniuliza tangu lini maji yakawa kitu.

Akanieleza mwenyewe, tena kwa majivuno. Kila ulipoingia kuoga, kila ulipokwenda sokoni, yeye alimpakata mjukuu wake akamnywesha maji ya sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka kikombe kikaisha na mtoto akasinzia. Alikuwa anamwokoa, alisema, maana wewe hukuwa na kitu.

Nilitoka pale. Nikaenda moja kwa moja kwa muuguzi anayepima watoto zahanati, nikamweleza. Akakunja ngumi, akaniambia tumbo la mtoto mchanga ukubwa wake ndio huo. Likijaa maji, maziwa yakae wapi? Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kuoga unampa ziwa, anageuza shingo, nawe unalia kwamba mwanangu amenikataa? Hakukukataa. Alikuwa ameshibishwa maji. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kilikuwa kinakubebea mtoto.

Utafiti ulipokwisha tukaita wazazi kwenye ukumbi wa zahanati kuwapa majibu. Hapo ndipo nilipomvika mama mkwe wako kilemba cha ukoka. Nikamwambia wakubwa wametafuta bibi mmoja wa kuwaeleza kina mama ulezi bora, na wamemwona yeye. Alikuja amejipamba, mjukuu mapajani. Shemeji nikampelekea salamu kwamba mama yake anatuzwa, asikose. Ratiba niliipanga mimi: bibi kwanza, muuguzi baadaye.

Akasimama, akasema yote. Kikombe, kijiko, sukari, mlango wa bafu. Wanawake wakampigia makofi, nami nikapiga kuliko wote. Kisha akapanda muuguzi, na mada yake ilikuwa maji. Kadiri alivyoeleza, ukumbi ulizidi kupoa. Alipomaliza, fundi cherehani, yule jirani yenu aliyekuwa wa kwanza kukuita Mama Matupu, akanyoosha mkono akauliza: kama ni hivyo, kilichokuwa kitupu nyumba ile ni maziwa ya mama au kikombe cha bibi? Mtu wa nyuma akasema Bibi Maji, wakaangua kicheko. Jina likamkaa hapo hapo.

Ningesema nilimhurumia ningekuwa mwongo. Aliinamisha uso, mikono ikawa haijui pa kukaa, nami nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Shemeji alikuwa mlangoni. Akapita katikati ya viti, akamchukua mtoto mapajani mwa mama yake bila kumwamkia, akaja kunikabidhi mimi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nikuombe msamaha. Nikamwambia kinywa anacho, akuombe mwenyewe.

Sasa nikwambie lile linalonikaa kooni. Muuguzi aliponieleza habari ya tumbo, alinishika mkono akaniambia twende wawili siku ile ile, tukawaweke chini mama mkwe wako na mwanawe, mtoto arudi kwako bila kelele. Alisema yule bibi hana roho mbaya, naye alilelewa hivyo hivyo. Nikamwambia aniachie, nitakwenda mwenyewe. Sikwenda. Nilitaka ukumbi. Nilitaka makofi kwanza, halafu kicheko. Kutoka siku ile mpaka mkutano ulikatika mwezi mzima, na mwezi huo Bwana Mdogo alikuwa bado anakunywa vile vimaziwa vyao vilivyozimuliwa. Akaharisha mpaka akalazwa. Nilikwenda kumwona wodini, macho yameingia ndani, na bado nikanyamaza, kwa sababu mkutano ulikuwa umekaribia. Kisasi changu nimekinunua kwa mwili wa mwanao. Amepona, namshukuru Mungu, lakini siwezi kukuficha. Kazini wamegundua nilivyofanya, wamenifukuza, na wana haki.

Kama utanikasirikia, nikasirikie ukiwa hapa, mtoto kifuani. Mama ameniambia bado unajikamua na kumwaga, ukitoka uani macho mekundu. Acha kumwaga. Panda basi la kwanza ukiipata barua hii. Muuguzi anamfuatilia mtoto, na amesema kifua chenye maziwa na mtoto mwenye njaa hawahitaji mkalimani. Yuko hapa miguuni pangu anatafuna ncha ya kanga yangu, anakungoja.

Msalimie mama, mwambie nitampigia magoti nikimwona. Kila anayeniuliza hali mwambie nimekosa kazi ila nimepata mgeni.

Bibi Maji ametuma mtu kuuliza kama anaweza kuja kumwona mjukuu wake. Nimemjibu aje tu, akukute, na ukimkaribisha usijisumbue kupika. Mpe maji. Matupu.

Ni mimi dada yako,
mama mkubwa wa Bwana Mdogo